Disiki Iliyopasuka kwenye Mteremko wa Kiriri

Wiki iliyopita fundi mmoja kijana, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake ni jirani yangu na hunitumia sahani ya pilau kila Ijumaa, alisimama mbele ya gari la mteja hapa Buyenzi akatangaza kwamba ambreyaje imekufa. Hakuwa amefungua boneti. Hakuwa ameingia ndani. Mkono mmoja ulikuwa na simu, wa pili ulikuwa na chapati. Nikamwambia, "Umejuaje?" Akanijibu, "Mzee, gari za namna hii ni ivo tu." Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka chai ikanishinda, ndipo nikatafuta daftari niwaandikie nyinyi wote, wenye chapati na wasio nayo.

Mimi ni Fundi Rajabu. Nimelala chini ya magari ya watu miaka arobaini na kidogo, na sasa nimestaafu, maana yake magoti yalistaafu kwanza, nami nikayafuata. Kwa wale mtakaosoma mkiwa mbali: kile ambacho Kigoma wanakiita klachi, sisi Bujumbura tunasema ambreyaje. Giaboksi ni bwati, gia ni vitesi, petroli ni esansi, na Jumapili ni dimanshi. Basi, darasa la lugha limekwisha, sasa tuchafuke.

Ambreyaje inayoteleza haina siri. Unapanda mlima, unakanyaga esansi, injini inapiga kelele kana kwamba mnakimbilia mji wa Ngozi, lakini gari linatambaa, na puani inakuja harufu ya kitu kinachoungua ambacho si chakula. Kama huna mlima karibu, vuta breki ya mkono, weka vitesi ya tatu, achia pedali taratibu. Injini ikizimika, disiki ya ambreyaje bado inashika, mwache mteja aende nyumbani kwake. Isipozimika, ikaendelea kuunguruma kama vile hujafanya kitu, disiki imelika. Ni kazi ya dakika moja, na mikono yote miwili inatakiwa iwe mitupu.

Kinachowavuruga wengi wenu ni vitesi kukataa kuingia. Mteja anakuja analia kwamba bwati imeharibika, na nyinyi papo hapo mnatafuta jeki. Tulieni. Zima injini, halafu ingiza vitesi zote, ya kwanza mpaka ya kurudi nyuma. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zikikataa injini ikiwaka, bwati haina kosa, ni ambreyaje ndiyo haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa imelala, hapo tazama fimbo ya vitesi na vyuma vyake vya chini, halafu ndipo uifikirie bwati yenyewe. Nimeona watu wakishusha bwati nzima kwa ajili ya pini ya fimbo iliyodondoka barabarani. Sitawataja watu hao. Mmoja wao ni mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kasimu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, mwenye tumbo, asiyeweza kukuomba spana bila kugusa ukoo wako. Kwenye gereji yake huingii kiti cha dereva na viatu. Wateja walidhani ni usafi, wengine wakadhani ni dini. Haikuwa hivyo. Alitaka ukanyage pedali kwa wayo mtupu, maana mguu ulio ndani ya kiatu, alisema, ni kiziwi. Ukikanyaga hivyo taratibu unasikia mahali disiki inapoachia, na unaisikia butee, ile beringi inayosukuma ambreyaje, kama inasaga mchanga. Kelele ikija pale unapokanyaga, ni butee. Kelele ikiwepo hujagusa kitu, halafu ikanyamaza ukikanyaga, ni beringi ya mbele ya bwati. Alinifundisha hilo kwa kunichapa shingoni na kitambaa cha grisi, na mpaka leo sijalisahau.

Nililisahau mara moja tu, pale nilipojiona nimekuwa fundi. Nilikuwa nimenunua buti mpya, na sikutaka kuzivua mbele ya watu. Akaja mfanyabiashara wa mchele wa Buterere na pikapu yake, vitesi zinasaga, ya kurudi nyuma ndiyo usiseme. Nikajaribu nikiwa na buti zangu, nikasema ambreyaje haiachii, na hapo nilikuwa sawa. Nikashusha bwati. Disiki nzima. Butee nzima. Nikarudisha kila kitu, siku mbili za kazi, na vitesi zikasaga vilevile. Nilipoanza kushusha mara ya pili, Mzee Kasimu akaja, akavua ndala, akaingia, akakanyaga mara moja, akashuka. Akainama akavuta gunia kutoka chini ya pedali. Akavuta la pili. Yakafika manne. Msimu wa mvua Buterere yote ni matope, na watu wa kule hutandika gunia la mchele sakafuni ili gari lisichafuke, na likichakaa hawalitoi, wanaongeza lingine juu yake. Pedali ilikuwa inagota kwenye magunia kabla haijafika mwisho.

"Rajabu," akaniambia mbele ya gereji nzima, "we umemupasua tumbo mutu mwenye kubanwa na kiatu."

Walicheka mwezi mzima. Mpaka leo kuna mzee mmoja hapa mtaani akiniona ananiuliza habari za magunia. Lakini kosa lile lilikuwa la kuchekwa, na nimewasimulia ili mnizoee. Lipo lingine ambalo hakuna aliyecheka.

Ni la juzijuzi, miaka yangu ya mwisho ya kazi, wakati nilikuwa na gereji yangu mwenyewe na benchi la wateja mbele yake. Esansi ilikuwa imeadimika, na siwaelezi habari hiyo, foleni mlizipanga wenyewe. Kila dereva alikuwa na ujanja wake wa kubana. Ujanja mkubwa ulikuwa kuteremka mlima gari likijiendea lenyewe, injini ikipumzika. Na kila mtu alijua kwamba dereva wa mkubwa akibana esansi, inayobaki huishia kwenye chupa, na chupa huishia kwa mtu wa pikipiki.

Mteja wangu mmoja alikuwa mkubwa wa ofisi fulani, anakaa juu Kiriri. Tulimwita Patroni, yaani bosi, na yeye alipenda. Alikuwa na gari kuukuu, usukani kulia, alilolipenda kuliko lile jipya la kazini. Dereva wake alikuwa Melkiori, mtu wa Ruziba, mpole, mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi. Alikuwa amemwendesha Patroni miaka kumi na minne, watoto wa Patroni wote aliwapeleka shule yeye.

Jumatatu moja gari lile likaja linavutwa kwa kamba, Melkiori kwenye usukani. Vitesi zinaingia zote, injini inawaka, gari haliendi. Nikashusha bwati. Melkiori akabaki pale kutwa nzima, akinishikia taa, akinipa spana, hasemi sana. Nilipofungua ambreyaje, disiki ikamwagika kwenye karai vipandevipande.

Sasa sikilizeni vizuri. Disiki ikizeeka inakuwa nyembamba. Ile ilikuwa nene, mpya, mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunga miezi miwili nyuma, lakini ilikuwa imechanika kama chapati ya jana. Hapa kwetu kitu kimoja tu hufanya hivyo. Mtu anateremka mlima ameacha vitesi ya pili ndani, na mguu umekandamiza ambreyaje mpaka chini. Injini inapumzika, sawa. Lakini magurudumu yanaizungusha bwati, bwati inaizungusha disiki, na kwa vitesi ya pili, kwa mwendo wa mteremko wa Kiriri, disiki inazunguka kupita kiasi ilichotengenezewa. Inavumilia mara ya kwanza, mara ya kumi, halafu siku moja inapasuka.

Hayo nimewaeleza nyinyi leo. Siku ile sikumweleza mtu. Patroni alifika jioni akitoka kazini, benchi limejaa wateja, akatazama karai, akasema, "Fundi, si we ulinifungia hii mupya?" Watu wote wakanigeukia. Niliona jina langu linaingia ndani ya karai pamoja na vile vipande. Nikasimama, nikapandisha sauti ili na mtu wa mwisho kwenye benchi anisikie.

"Disiki haina kosa, Patroni. Ni dereva wako. Anaendesha vibaya ili abane esansi."

Mmoja kwenye benchi akacheka, akasema, "Na yenye kubaki inaenda wapi?" Wengine wakacheka naye.

Melkiori alikuwa bado ameshika taa yangu. Akaiweka chini taratibu. "Mi sikufanya ivo, fundi," akasema.

"Vyuma havisemi uongo," nikamjibu, na nikajisikia mtu mkubwa sana.

Patroni hakubishana naye. Alinyoosha kiganja tu. Melkiori akaweka ufunguo pale, akamuaga, akawaaga watu wa benchi, akaniaga hata mimi, akaondoka kwa miguu. Usiku ule nililala vizuri, nakiri, maana jina langu lilikuwa limetoka safi.

Zikapita wiki tatu. Gari likarudi kwa kamba. Safari hii kwenye usukani alikuwa Patroni mwenyewe, tai imelegea, amevimba kwa hasira.

"Fundi, unanifungia disiki ya karatasi," akasema. "Mara ya pili sasa."

Nikafungua. Vipandevipande, vinene, vipya, vilevile kama vya kwanza. Nikatazama karai.

"Nani anaendesha gari hii siku hizi?" nikamuuliza.

"Ni mi peke yangu. Dereva si we ulisema ni mubaya?"

Ningeweza kumwambia pale pale, lakini nilikuwa nimeshaongea sana mbele ya benchi lile. Nikamwomba tupande Kiriri na gari langu, aendeshe yeye, nisikilize kitu. Sheria ya Mzee Kasimu nilikuwa naishika bado, kwa hiyo mkubwa wa ofisi akavua viatu vyake vinavyong'aa, akabaki na soksi, moja ina tundu kwenye kidole gumba. Tukapanda. Juu kabisa, pale kwenye majumba yenye maua juu ya ukuta, nikamwambia ageuze, ateremke kama anavyoteremka siku zote.

Akaweka vitesi ya pili. Gari likaanza kuteremka, akakandamiza ambreyaje mpaka chini, mguu ukabaki hapo. Injini ikatulia, gari likaongeza mwendo, akanigeukia anatabasamu.

"Tazama vile nabana esansi, fundi. Vitesi naiacha ndani ju ya usalama. Breki ikikataa, naachia mguu tu, gari inashikwa."

"Unafanya ivi toka lini?"

"Toka esansi ianze kukosekana. Kila dimanshi tukienda kusali. Melkiori dimanshi alikuwa anapumzika. Nilitaka hata kumufundisha, akakataa. Eti nitaua gari."

Nikamwambia asimame pembeni. Nikamweleza yale niliyowaeleza nyinyi, kipande kwa kipande, disiki, bwati, mteremko. Aliponielewa alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi. Alifuta muda mrefu.

"Basi," akasema, "nifungie ingine. Mambo yaishe."

Nilimkasirikia, lakini nilijikasirikia mimi zaidi. Yeye alikuwa hajui vyuma. Mimi nilijua vyuma vyote, nikamtupia lawama mtu asiye na kosa ili mimi nisichekwe. "Sifungi," nikamwambia. "Mpaka twende Ruziba, mi na we."

"Mi niende kuomba dereva musamaha?"

"Mi nilisema, we ukachukua ufunguo. Tuko wawili."

Akasema atapeleka gari gereji nyingine. Nikamwambia ni haki yake kabisa, gari liko juu ya mawe na bwati iko chini, aibebe kichwani awapelekee. Aliniita jina ambalo sitaliandika, nami nikalipokea, maana siku ile lilinifaa.

Kesho yake asubuhi, benchi lilipojaa, nikasimama mahali palepale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Niliwaambia kwamba Melkiori hakuharibu gari, hakuiba esansi, na aliyekosea ni fundi Rajabu. Nilidhani watacheka. Hawakucheka, na ningependa wangecheka. Mmoja akaniambia kwamba shemeji yake aliombwa kazi na Melkiori, akamnyima kwa sababu ya maneno yangu. Hata kazi ya lori alikuwa amenyimwa. Mji huu ni mdogo, maneno yaliteremka mpaka Ruziba kabla mwenyewe hajafika.

Siku ya tatu Patroni akatokea. Alikuwa ameteremka Kiriri yote kwa miguu, shati limemgandia mgongoni. Hakunisalimia. Alisema tu, "Twende."

Tulimkuta Melkiori nyuma ya nyumba yake, anageuza mihogo kwenye turubai. Alikuwa amekonda. Mke wake alikuwa mlangoni, akatutazama kutoka viatu mpaka kichwa, akamuuliza mumewe, sisi tukisikia, "Wamekuja kuchukua nini tena? Ufunguo si walishachukua?" Hakutoa kiti. Mnajua kwetu mgeni kukosa kiti ni nini. Tulisimama juani, mimi na mkubwa wa ofisi, viatu vyake vimeingia mchanga.

Nikaanza mimi. Sina maneno matamu, nikasema kama nilivyowaambia watu wa benchi, nikaongeza kwamba naona haya. Patroni akakohoa, akakohoa tena. "Melkiori," akasema, "disiki nilipasua mi. Zote mbili. Rudi kazini, tafadhali."

Melkiori aligeuza mihogo michache. Alimtazama mke wake, mke wake akatazama pembeni.

"Nitarudi," akasema. "Lakini dimanshi pia naendesha mi."

Patroni alikubali kabla Melkiori hajamaliza kusema. Ndipo mke wake akaingia ndani akatoka na viti viwili, akavibwaga chini kwa nguvu kidogo, na tukakaa.

Tulipoaga, Patroni akatangulia kwenye gari. Melkiori akanisindikiza. Mimi, kwa ule ujinga wangu wa kutaka kila kitu kieleweke mpaka msumari wa mwisho, nikamshika mkono nikamuuliza, "Ulijua ni yeye. Ulimukataza hata. Kwa nini siku ile haukusema?"

"Nimuseme patroni wangu mbele ya watu?" akaniuliza. "Miaka kumi na ine, fundi. Siwezi."

"Ungeniambia mi, pembeni."

Akaufungua mlango wa gari langu, akanishikia nipande, kama alivyozoea kuwafanyia watu. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

"Nilikushikia taa toka asubuhi mpaka jioni," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."